Bastola ya upepo: Mpaka mwembamba kati ya mchezo na gereza

KATIKA Uingereza na Wales, mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 anaweza kuingia katika duka la silaha lililosajiliwa, akanunua bastola ya upepo na kuondoka nayo siku iyo hiyo bila ya kuonyesha cheti chochote cha polisi cha kumiliki silaha. Bastola iyo hiyo, ikiisha kufunguliwa skrubu kadhaa na kubadilishwa kijipande kimoja cha ndani, inaweza kumtia mwenyewe gerezani kwa muda usiopungua miaka 5.

Kinachotenganisha hali hizo mbili si umbo la bastola, wala jina la kampuni iliyoiunda, wala nia ya aliyeishika. Ni kiasi cha nishati ambacho kirisasi hubeba kinapotoka mdomoni mwa mtutu. Kiasi hicho hakionekani kwa macho na hakisikiki kwa masikio. Ndiyo maana watu waungwana, wasio na historia yoyote ya uhalifu, hujikuta wamevuka mpaka bila ya kuuona.

Kwa Wakenya na Waswahili wengine wanaoishi ughaibuni, ambako mchezo wa kulenga shabaha nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida, inafaa kuelewa jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, ni marekebisho gani yanayoweza kufanywa bila hatia, na ni yapi ambayo hugeuza mchezo kuwa balaa.

Pampu na upepo

Bastola za upepo ziko za aina kadhaa. Zipo zinazotumia springi, ambayo hukazwa kwa mkono na kuachiliwa kwa ghafla ili kusukuma hewa. Zipo zinazotumia chupa ndogo ya gesi ya kaboni dioksidi. Na ipo aina tunayoizungumzia hapa, ambayo hujazwa upepo kwa kupigwa pampu na mpigaji mwenyewe.

Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli hahitaji maelezo marefu. Chini ya mtutu mna silinda yenye pistoni ndani yake. Mpigaji huvuta wenzo kwenda nje na kuurudisha, na kila anapofanya hivyo pistoni husukuma hewa kupita kwenye vali ya njia moja hadi katika chumba kidogo. Hewa huingia lakini haiwezi kurudi. Kila pigo la pampu huongeza hewa juu ya ile iliyokwishaingia, na presha hupanda.

Mpigaji anapovuta kifyatulio, nyundo ndogo inayosukumwa na springi hugonga vali ya pili. Vali hiyo hufunguka kwa muda mfupi mno, hewa iliyoshindiliwa hutoka kwa kishindo na kukisukuma kirisasi kilichokaa mwanzoni mwa mtutu. Kirisasi hicho, ambacho kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5, huendelea kusukumwa hadi kinapotoka mdomoni.

Mfano unaojulikana sana ni Crosman 1377 kutoka Marekani, bastola ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1970. Maelekezo yake humtaka mpigaji apige pampu mara 3 kwa uchache na asizidishe mara 10. Hapo ndipo uzuri wa aina hii ulipo. Mtu anayelenga kopo kwa umbali wa hatua chache hupiga pampu mara 3 au 4, ilhali anayetaka kufika mbali zaidi huongeza. Na hapo pia ndipo mtego wa kisheria ulipo, kama tutakavyoona.

Kwa nini waingereza huzipenda

Ili kuelewa ni kwa nini bastola hizi zina wapenzi wengi nchini Uingereza, hatuna budi kurejea nyuma hadi mwaka 1996. Mnamo Machi 13 mwaka huo, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya mji wa Dunblane, Uskoti, akawaua kwa bastola watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata, 1997, Bunge lilipitisha sheria zilizopiga marufuku karibu bastola zote za baruti mikononi mwa raia.

Baada ya marufuku hiyo, waliopenda kulenga shabaha kwa bastola walibakiwa na njia chache. Mojawapo ni bastola ya upepo. Kwao, chombo hiki hakikuwa mwanasesere wa watoto bali mabaki ya mchezo walioupenda. Wakaanza kuishughulikia kama vile mwendesha baiskeli anavyoishughulikia baiskeli yake: wakibadilisha mpini, wakilainisha kifyatulio, wakitafuta mtutu ulio bora zaidi.

Mchezo wenyewe una heshima yake. Shindano la bastola ya upepo kwa umbali wa mita 10 liliingizwa katika Michezo ya Olimpiki jijini Seoul mwaka 1988, kwa wanaume na kwa wanawake. Kwa miaka mingi, baadhi ya bastola za mashindano zilikuwa za kupigwa pampu mara moja tu kwa kila risasi. Mfano mmoja ni IZH-46 iliyoundwa katika mji wa Izhevsk nchini Urusi. Katika mashindano hayo nguvu si kitu. Kirisasi kinachotoboa karatasi kimetosha. Ushindi huja kwa mkono uliotulia.

Sheria hupima nini

Sheria kuu ya silaha nchini Uingereza ni ya mwaka 1968. Mwaka uliofuata, 1969, zilitungwa kanuni zilizoeleza ni bastola na bunduki gani za upepo zinazohesabiwa kuwa za hatari. Kanuni hizo ziliweka vipimo viwili: futi-ratili 6 kwa bastola, na futi-ratili 12 kwa bunduki ndefu. Kwa kipimo cha kisasa hizo ni kama jouli 8.1 na jouli 16.3.

Jouli 8.1 ni nishati ya kiasi gani? Chukua paketi ya sukari ya kilo 1, uiachilie ianguke kutoka kwenye meza yenye kimo cha sentimita 83. Inapogonga sakafu, huwa imebeba takriban nishati hiyo. Mtu akisikia hivyo huenda akacheka na kusema kwamba hicho si kitu. Lakini paketi ya sukari hugonga kwa upana wa kiganja, ilhali kirisasi hugonga kwa kijisehemu cha milimita 4.5. Tofauti yake ni kama ile ya kusukumwa kwa kiganja na kusukumwa kwa ncha ya msumari.

Kwa kulinganisha, risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hubeba jouli zipatazo 450 hadi 500, yaani takriban mara 60 ya mpaka huo. Kwa hiyo bastola ya upepo si sawa na ile ya polisi. Hata hivyo, ina uwezo wa kutosha kupofusha jicho na, kirisasi kikipata mahali pembamba pa mwili wa mtoto, kuua.

Bunduki ndefu ya upepo ikizidi futi-ratili 12 haipigwi marufuku moja kwa moja. Mwenyewe anaweza kuomba cheti cha polisi na kukubaliwa au kukataliwa. Bastola haina mlango huo. Kwa kuwa ni fupi na rahisi kufichwa, ikizidi futi-ratili 6 huhesabiwa kuwa silaha iliyopigwa marufuku, katika kundi moja na bastola za baruti zilizoondolewa mwaka 1997. Kosa la kuimiliki ndilo lenye adhabu ya chini ya miaka 5 kwa mtu mzima, isipokuwa mahakama ione sababu za kipekee za kuipunguza. Isitoshe, kudai kwamba hukujua si kinga. Mahakama za huko zimeshikilia kuwa kumiliki tu kunatosha kulitimiza kosa.

Hesabu ya kidato cha pili

Nishati ya kirisasi hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya upili anaijua: nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena. Kasi hupimwa kwa mita katika sekunde. Kwa kuwa kasi huzidishwa kwa kasi yenyewe, ongezeko dogo la kasi huleta ongezeko kubwa zaidi la nishati. Hili ndilo linalowanasa wengi.

Tuseme fundi ana bastola ya milimita 4.5 na virisasi vya gramu 0.51. Akipiga pampu mara 5, kasi ni mita 130 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 4.3. Yuko salama kabisa. Akipiga mara 10, kasi hupanda hadi mita 175 na nishati hufika jouli 7.8. Bado yuko ndani ya sheria, lakini ukingoni.

Sasa tuseme amefanya rekebisho dogo, na kasi ikaongezeka kwa mita 15 tu, yaani ikafika 190. Kasi imepanda kwa chini ya asilimia 9. Nishati, kwa upande wake, imepanda kwa karibu asilimia 18 hadi jouli 9.2. Hizo ni takriban futi-ratili 6.8. Fundi huyo, aliyeketi kwenye meza yake akifurahia kazi ya mikono yake, tayari ameunda silaha iliyopigwa marufuku.

Ifahamike pia kwamba baadhi ya bastola huwa karibu na mpaka hata kabla ya kuguswa. Kampuni ya Crosman hutangaza kuwa 1377 inaweza kufikia kasi ya futi 600 kwa sekunde, sawa na mita 183 hivi. Kwa kirisasi chepesi cha gramu 0.45 hizo ni jouli 7.5. Kwa kirisasi cha gramu 0.51, kasi iyo hiyo ingetoa jouli 8.5, na mpaka ungekuwa umekwishavukwa. Kwa hivyo anayeinunua bastola ya aina hii kutoka nchi isiyo na mpaka, au kutoka kwa mtu binafsi, hana haki ya kudhani kwamba iko salama.

Neno moja lenye uzito

Katika kanuni za mwaka 1969 limo neno moja ambalo kila mwenye bastola ya pampu anapaswa kulitia akilini. Kanuni haziulizi bastola hutumiwa kwa nguvu gani. Huuliza bastola *inaweza* kutoa nguvu gani.

Mpigaji anaweza kujitetea kwamba yeye hupiga pampu mara 5 tu na kwamba hajawahi kuzidisha. Anaweza kuleta mashahidi kumi. Utetezi huo hauna maana, maadamu bastola yenyewe ikipigwa pampu mara 10 huzidi mpaka. Mtaalamu wa maabara ya polisi hatafuata desturi za mwenyewe. Atatafuta upeo wa uwezo wa chombo kilicho mbele yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa uzito wa virisasi. Katika bastola za hewa iliyoshindiliwa, kirisasi kizito kwa kawaida hubeba nishati zaidi kuliko chepesi, ijapokuwa huenda polepole. Sababu yake ni kwamba kizito hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, na hewa hupata nafasi ya kukisukuma zaidi kabla ya kupotea. Kirisasi chepesi hutoka upesi na kuiacha hewa nyingi ikipotea nyuma yake.

Mathalani, bastola moja inaweza kutoa jouli 7.5 kwa kirisasi cha gramu 0.45 chenye kasi ya mita 183, na papo hapo ikatoa jouli 8.5 kwa kirisasi cha gramu 0.68 chenye kasi ya mita 158. Aliyepima kwa virisasi vyepesi peke yake atalala usingizi mnono bila ya kujua kwamba anahifadhi kosa la jinai katika kabati lake.

Marekebisho yasiyogusa nguvu

Je, ina maana kwamba bastola isiguswe kabisa? La, hasha. Sheria haikatazi mtu kuitengeneza bastola yake mwenyewe. Na kwa kweli marekebisho yenye manufaa makubwa zaidi kwa mlenga shabaha ni yale yasiyoongeza nguvu hata chembe.

La kwanza ni mpini. Mipini ya kiwandani hutengenezwa kwa plastiki na kwa kiganja cha mtu wa wastani. Mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja cha mwenyewe huifanya bastola irudi mahali pale pale kila inapoinuliwa.

La pili ni kifyatulio. Kifyatulio kigumu na chenye kukwaruza humfanya mpigaji ayumbishe mkono katika sekunde ile ile anayohitaji utulivu. Vyuma vinavyosuguana vikilainishwa kwa uangalifu, mvuto huwa mwepesi. Lakini hapa pia pana kikomo. Kifyatulio kilicholainishwa kupita kiasi kinaweza kujifyatua bastola ikigongwa au ikianguka. Hata katika mashindano ya kimataifa ya bastola ya upepo, mvuto wa kifyatulio hauruhusiwi kuwa chini ya gramu 500.

La tatu ni vielekezi vya shabaha. Vielekezi vya kiwandani mara nyingi hulegea. Sehemu ya nyuma ya plastiki inayoshikilia mtutu ikibadilishwa kwa ya chuma, mtutu hukaa imara na kielekezi bora huweza kufungwa juu yake.

La nne ni matunzo ya kawaida. Mipira ya kuziba hewa huchakaa, hukauka na kuvuja. Kuibadilisha ni kuirejesha bastola katika hali yake ya awali. Hata hivyo, hata rekebisho hili halipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Bastola iliyokuwa ikivuja huenda ilikuwa chini ya mpaka kwa sababu ya ule uvujaji tu. Ikizibwa vizuri, nguvu iliyokuwa imelala huamka.

Marekebisho yanayogusa nguvu

Kundi la pili ni la mabadiliko yanayozidisha nguvu, ama kwa makusudi ama kwa bahati mbaya. Mtutu mrefu zaidi ni mmojawapo, kwa kuwa huipa hewa muda zaidi wa kusukuma. Mtutu wenye kipenyo kikubwa zaidi ni mwingine, kwa kuwa kirisasi cha milimita 5.5 hutoa uso mpana wa kusukumwa na huwa kizito. Kupunguza nafasi tupu iliyobaki kati ya pistoni na vali hufanya kila pigo la pampu lishindilie hewa zaidi. Kuikaza springi ya nyundo huifanya vali ifunguke zaidi.

Mwenye kufanya lolote kati ya hayo anapaswa kuwa na jibu la swali moja: nitaondoa nguvu wapi ili kufidia ninayoiongeza hapa? Mafundi waangalifu hutumia mabadiliko haya si kwa ajili ya kuvuka mpaka bali kwa ajili ya kupunguza kazi. Badala ya bastola inayohitaji kupigwa pampu mara 10 ili ifike jouli 7, hupata inayofika hapo kwa mara 6. Lakini kwa kuwa sheria huangalia uwezo, ni lazima kitu fulani ndani ya bastola kiizuie isipande zaidi hata ikipigwa pampu mara 15. Kuhesabu mapigo kwa kichwa si kizuizi.

Kuna wanaofikiri kwamba mapigo mengi ya pampu ndiyo njia ya mkato. Nao hukosea. Kadiri presha inavyopanda ndani ya chumba, ndivyo vali inavyobanwa kwa nguvu zaidi. Hufika mahali ambapo nyundo haina tena nguvu ya kuifungua ipasavyo. Kirisasi hutoka kwa unyonge au hakitoki kabisa, na hewa hubaki ndani. Bastola yenye hewa iliyobaki ni bastola inayoweza kufyatuka tena, hata kama mwenyewe anaamini kwamba amekwishaimaliza. Aidha, mipira, vyuma na viungo vya wenzo vilivyoundwa kwa mapigo 10 huchakaa au kuvunjika.

Kupima badala ya kukisia

Njia pekee ya kujua ni kupima. Kifaa kinachotumika kina vihisi viwili vya mwanga vilivyotenganishwa kwa umbali maalumu. Kirisasi kinapopita juu ya cha kwanza saa huanza, kinapopita juu ya cha pili saa husimama, na kasi huhesabiwa. Klabu nyingi za kulenga shabaha huwa na kifaa hiki, na bei yake si ya kumfilisisha mwenye kukinunua.

Upimaji wa kuaminika hufuata utaratibu. Kwanza, bastola hupimwa kabla ya kuguswa ili ijulikane ilipoanzia. Pili, hupimwa kwa virisasi vyepesi, vya wastani na vizito. Tatu, hupimwa kwa idadi kubwa zaidi ya mapigo ya pampu ambayo itaweza kuyapokea, si idadi anayoipenda mwenyewe. Nne, hupigwa risasi kadhaa kwa kila aina, na tarakimu ya juu kabisa ndiyo huchukuliwa, wala si wastani. Tano, matokeo huandikwa na kuwekwa.

Na baada ya hayo yote, mwenye busara huacha nafasi. Vifaa vya kupimia hutofautiana kidogo, na virisasi vya kopo moja huweza kuwa vizito kuliko vya jingine. Anayetengeneza bastola yake ikawa na futi-ratili 5.9 amejenga nyumba kwenye ukingo wa mto. Aliyeiacha kwenye 5.5 hajapoteza chochote ambacho shabaha ya karatasi ingekitambua.

Kila nchi na kipimo chake

Anayehama kutoka nchi moja hadi nyingine anapaswa kukumbuka kwamba mpaka huu huhama pia. Katika Ireland Kaskazini, bunduki au bastola ya upepo inayozidi jouli 1 huhitaji cheti cha polisi. Uskoti nayo, baada ya sheria ya mwaka 2015, ilianza kudai cheti tangu Desemba 31, 2016. Mkaazi wa London anayepanda gari moshi kwenda Glasgow na bastola yake mkobani, akidhani angali katika ufalme mmoja na sheria moja, anajitafutia taabu.

Ujerumani imeweka mpaka wa jouli 7.5 kwa silaha zinazouzwa bila ya leseni, nazo hugongwa muhuri wa herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Nchini Ufaransa mpaka wa kundi lenye masharti mepesi ni jouli 20. Kanada hutumia vipimo viwili kwa pamoja: silaha ya upepo inayozidi mita 152.4 kwa sekunde na jouli 5.7 huhesabiwa kuwa silaha ya moto inayohitaji leseni. Nchini Marekani, sheria ya taifa haihesabu bunduki za upepo kuwa silaha za moto kwa kuwa hazitumii baruti, lakini majimbo yana sheria zake, na New Jersey huzihesabu kuwa silaha.

Kilio cha wazazi

Msomaji huenda akauliza ni kwa nini serikali zijisumbue kwa chombo kinachotumia pumzi tu. Jibu linapatikana jijini Glasgow. Mnamo Machi 2005, mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 2 alipigwa kichwani kwa kirisasi cha bunduki ya upepo na akafariki siku chache baadaye. Kifo hicho kilichochea mjadala mrefu ambao hatimaye ulizaa sheria ya Uskoti ya vyeti.

Sheria za Uingereza na Wales nazo zimekuwa zikikazwa hatua kwa hatua. Mwaka 2004 zilipigwa marufuku bastola za upepo zinazotumia ganda lenye hewa ndani yake, kwa kuwa wahalifu walikuwa wakizigeuza zifyatue risasi za baruti. Tangu 2007 umri wa kununua ulipandishwa hadi miaka 18, na wafanyabiashara wakalazimika kukabidhi silaha ana kwa ana. Tangu 2011 ni kosa kwa mwenye silaha ya upepo kutochukua tahadhari za kutosha za kuwazuia watoto wasiifikie. Kuibeba hadharani bila ya sababu ya maana ni kosa, iwe imejazwa au haikujazwa. Kadhalika ni kosa kukiacha kirisasi kivuke mpaka wa kiwanja ulichoruhusiwa kukitumia.

Kwa hiyo bastola hufungiwa ndani ya kabati, na virisasi huwekwa mahali pengine. Haiachwi ikiwa imepigwa pampu. Nyuma ya shabaha huwekwa kizuizi kinachomeza kirisasi badala ya kukirudisha. Macho hukingwa kwa miwani. Na kwa kuwa virisasi vingi ni vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, mikono huoshwa kabla ya kushika chakula.

Wanaorejea nyumbani

Neno la mwisho ni kwa wale wanaopanga kurejea Afrika Mashariki na mizigo yao. Nchini Kenya masuala ya silaha yamo chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni za raia hushughulikiwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Kununuliwa kihalali mjini Birmingham si pasipoti ya kuingia katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Anayetamani kuja na bunduki au bastola ya upepo na aulize kwa bodi hiyo kwa maandishi, apate jibu, ndipo afunge sanduku. Afisa wa forodha anayeona umbo la bastola kwenye mtambo wa kukagua mizigo hana njia ya kujua kwamba ndani yake mna upepo tu.

Wahenga walisema kwamba mchezea wembe humkata mwenyewe. Bastola ya upepo inaweza kuwa mchezo wa heshima, unaofunza subira na kudhibiti pumzi. Anayetaka ubaki mchezo na aitengeneze ilenge vizuri zaidi, si ipige kwa nguvu zaidi. Karatasi ya shabaha iliyo umbali wa mita 10 haimpi mtu alama za ziada kwa kuitoboa kwa hasira.